Kelele Ndogo Usiipuuze
Mwaka 2004 Nvidia ilitoa chipu ya nForce4 kwa kompyuta za mezani. Chipu hiyo ilipata joto sana, hivyo mabodi mama mengi yaliwekewa kifeni juu yake. Miaka ikipita, kifeni hujaa vumbi, mafuta yake hukauka, hupiga kelele, kisha husimama. Kompyuta nayo huanza kuganda, na mwenyewe huiona mbovu yote. Fundi makini huzima umeme, hung'oa kifeni, hufuta pasta kuukuu ya kupitisha joto, hupaka mpya, kisha hufunga kifeni kingine. Dalili ya mvua ni mawingu, na kelele ile ndogo ilikuwa onyo. Ndugu yangu, kabla hujatupa kitu leo, chunguza kwanza kilichoharibika.