Tutembee Mwendo wa Watoto

Neno la wiki: Mwanzo 33:12–14, Isaya 40:11

 

Wapendwa, leo sikuja na mambo makubwa. Nimekuja na ushuhuda wa beseni. Wale mmewahi kubeba mimba mmeshanielewa.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa na mimba ya miezi miwili, na kijana wetu wa kwanza alikuwa na miaka miwili na nusu. Mnajua baridi ya hapa Pioneer mwezi huo. Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa nimeshainamia beseni. Jirani akitia kitunguu kwa mafuta, tumbo langu linapanda mpaka kooni. Mursik niliyolelewa nayo, hata kibuyu chake sikutaka kukiona.

Na kijana naye ndipo akachagua kuwa mtu wa hasira. Ukimpa kikombe chekundu, anataka cha kijani. Ukimleta cha kijani, analia kwa sababu umeondoa chekundu. Hataki kuvaa sweta, hataki kuvuliwa sweta. Nikiingia chooni kutapika, anagonga mlango na kulia kama mtu ameachwa njiani. Baba watoto alikuwa anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Mchana kutwa ni mimi, mtoto na beseni.

Dada mmoja katika imani akaja kuniona. Akasema, "Mama, hiyo si mimba tu, hiyo ni vita. Funga siku tatu." Simlaumu, alisema kwa upendo. Nami nilikuwa nimechoka, nikafunga.

Siku ya pili jioni kijana akamwaga uji kwa godoro. Nikamchapa. Wacha niseme ukweli mbele za Mungu: halikuwa kofi la kumrudi mtoto, lilikuwa kofi la hasira yangu. Akanyamaza. Halafu akaenda polepole kwa kona, akachukua beseni, akaniletea. Alidhani nimemchapa kwa sababu amechelewa na beseni.

Nikajaribu kusimama nimkumbatie, nikaanguka. Gogo mmoja wa ploti yetu alisikia mtoto akilia, akatafuta gari, nikafikishwa hospitali. Wakaniwekea maji usiku kucha. Muuguzi akaniuliza, "Mama, ulikula lini?" Nikamwambia nimefunga. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Na huyu wa tumboni, yeye alikubali kufunga?"

Kanisa, lile swali lilikuwa mahubiri tosha.

Nilipotoka pale nikafungua Mwanzo 33. Esau amekutana na ndugu yake baada ya miaka mingi. Ana watu 400. Anamwambia Yakobo twende pamoja, mimi nitangulie. Lakini Yakobo anakataa kwa heshima. Anamweleza kwamba watoto wake ni wachanga, na mifugo wake wananyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, watakufa. Anamwambia wewe tangulia, mimi nitakwenda taratibu, kwa mwendo wa mifugo na mwendo wa watoto.

Kumbuka pia Yakobo mwenyewe alikuwa anachechemea. Sura iliyotangulia ndiyo usiku aliposhindana mpaka alfajiri na kuguswa paja. Ni mtu amebarikiwa, amebadilishwa jina, na bado anachechemea. Kuna mtu hapa amebarikiwa na bado anatapika. Amina?

Kwanza, udhaifu wa mwili si upungufu wa imani. Rebeka mimba ilipomsumbua, Mwanzo 25, alikwenda kumuuliza Bwana, na hatusomi kwamba Bwana alimkemea. Mwaka 2023 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba kuna homoni inaitwa GDF15, inayoongezeka sana mwilini mwa mama mjamzito na kuchangia kichefuchefu na kutapika. Wanawake ambao miili yao haikuizoea kabla ya mimba ndio huumia zaidi. Kwa hivyo, dada, kabla hujatafuta nani amekuroga, nenda kliniki. Kwa wengi hali hii huanza karibu na wiki ya sita, na hutulia kati ya wiki ya 12 na ya 20. Kwa wachache hufika mpaka kujifungua.

Na kufunga? Eliya alipolala chini ya mti akiomba kufa, malaika hakumwambia afunge. Alimgusa, akamwambia ale. Akala, akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye. Mama mjamzito anayetapika, chakula chako kidogo kidogo ndiyo ibada yako kwa sasa.

Pili, anayeongoza ndiye anapunguza mwendo. Yakobo hakuwaambia watoto wakaze miguu. Mimi nilikuwa namtaka mtoto wa miaka miwili aelewe homoni. Ataelewaje? Anachoona ni kwamba mama alikuwa anacheka, sasa hacheki. Hasira yake ilikuwa ni swali: mama, bado uko?

Nilipotoka hospitali nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Tumbo la mama linauma. Si wewe umefanya. Mama anakupenda." Maneno hayo nikayarudia kila siku. Godoro nikaliweka sakafuni, tukawa tunalala na kuchezea pale pale, vifuniko vya sufuria ndio magari. Kikombe nikamwachia achague, lakini kati ya viwili tu. Kando ya kitanda nikawa naweka ndizi au kipande cha ugali baridi, nile kabla sijainuka. Maji nikanywa kwa kijiko. Vile vidonge vya damu vya kliniki vilikuwa vinanichafua roho. Muuguzi akanishauri nimeze usiku nikiwa nimekula, badala ya kuviacha. Na wewe unayekula odowa kwa siri, mwambie muuguzi, kwa sababu huenda damu yako imepungua.

Ukipitisha siku nzima maji hayakai tumboni, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ukasikia kizunguzungu, homa, ama ukaona damu, usingoje maombi ya Ijumaa. Nenda hospitali, tutakuombea ukiwa huko. Kuna dawa za kutuliza kutapika ambazo daktari huwapa wajawazito. Kumeza dawa si kumkana Kristo.

Tatu, kanisa nalo lipunguze mwendo. Sisi wakati mwingine ni watu 400 wa Esau: mkesha, ushirika wa nyumbani, kwaya, na asiyefika tunasema amerudi nyuma. Hajarudi nyuma, ameinamia beseni! Usimpelekee mama mjamzito unabii ukiwa mikono mitupu. Chukua mtoto wake masaa mawili. Fua nguo. Pika kwako, umletee kikiwa kimepoa, kisinuke. Na ninyi akina baba, Yakobo alikuwa mwanamume, na ndiye aliyehesabu hatua za watoto. Amka nusu saa mapema, mpe mtoto uji kabla hujatoka.

Wapendwa, mimi niliomba kutapika kukome. Hakukukoma mpaka mwezi wa tano wa mimba. Lakini nilimjua Mungu kwa namna ambayo sikuwa nimemjua. Isaya 40 anamwonyesha kama mchungaji anayebeba wana-kondoo kifuani na kuwaongoza polepole wanaonyonyesha. Bwana wetu hakuwa mbele akinipigia kelele nifike. Alikuwa kando ya beseni.

Leo binti yetu yuko pale nyuma, amelala mgongoni mwa gogo yule yule. Kaka yake bado anabishana kuhusu kikombe.

Kama uko hapa na umechoka, usisimame. Kaa hapo hapo ulipo, sisi tutakuja kwako. Tuombe.

Baba, tufundishe mwendo wako. Tusamehe makofi ya hasira. Wape akina mama usingizi, chakula kinachokaa, na jirani anayesikia. Katika jina la Yesu. Amina.