Je, Fukusi Wote ni Waharibifu?

Tulipokuwa tukifundisha ngeli ya A-WA hapa Nsungwi, Lilongwe, tuliandika ubaoni: "Fukusi ni mdudu mharibifu." Mwanafunzi mmoja kutoka makazi ya Dzaleka akauliza: "Fukusi yupi, mwalimu?" Sentensi yetu ilikuwa sahihi kisarufi. Je, ilikuwa ya haki?

Hatukusudii kumtetea fukusi wa mahindi, ambaye Wachewa humwita nankafumbwe. Jike hutoboa punje, hutaga yai, kisha huziba tundu. Buu hula kiini humo humo, na mwenye gunia hugundua msiba punje zimekwisha kuwa maganda. Kwa familia inayohesabu debe la mahindi hadi mwisho wa mwezi, hasara hiyo si jambo dogo.

Hata hivyo, wataalamu wamekwisha kuorodhesha zaidi ya aina 50,000 katika ukoo wa fukusi, na walio wengi hawaingii ghalani kamwe. Wako hata walioletwa ili watusaidie. Gugu maji lilipoziba bandari na mialo ya Ziwa Viktoria, wavuvi wakakosa njia, fukusi wa aina mbili wenye asili ya Amerika ya Kusini walifunguliwa ziwani: Uganda mwaka 1995, Kenya mwaka 1997. Walijaribiwa kwanza, ikaonekana kwamba hawashambulii mazao. Wakubwa huparura majani, mabuu hutoboa vikonyo. Ndivyo walivyochangia kulidhoofisha gugu hilo.

Wahenga walisema: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Methali hiyo yafaa kwa tenga la samaki, lakini haifai kuwa sheria ya kuhukumia viumbe. Tena huyo wa ghalani mwenyewe hana hatia, kwani hula kwa maumbile yake, wala hana hiari. Tunayo haki ya kuanika mahindi na kulinda chakula cha watoto wetu. Hatuna haki ya kugeuza madhara ya wachache kuwa sifa ya ukoo mzima. Mwanadamu, aliye na hiari, ndiye astahiliye kulaumiwa, naye alaumiwe kwa tendo lake, si kwa jina la kundi lake.

Mwanafunzi yule aujua uzito wa jina, maana mara nyingi huitwa "mkimbizi" kabla ya kuulizwa jina lake. Tuliifuta sentensi, tukaandika: "Fukusi wa mahindi huharibu nafaka." Nasi walimu, tunapotunga mifano, yafaa tuanzie hapo.