Maua ya Kahawa Hayangoji Jumapili

Kikundi chetu cha vijana hapa Bwera kinakutana kila Jumamosi saa nane. Wengi wao walivuka Mpondwe wakitoka Kasindi, Beni na Butembo. Wengine wanalala kwa jamaa mjini, wengine familia ziko Rwamwanja au Kyaka II na wao wanakwenda na kurudi. Siku moja mwezi wa pili, jua kali, mvua bado, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu video ya Japani: watu wameketi chini ya miti iliyojaa maua meupe yenye wekundu kidogo, wanakula na kucheka. Maua hayo yanaitwa sakura. Binti mmoja wa miaka 16 akaniuliza, "Yaya, kufika kule ni pesa ngapi?"

Sikumjibu kwa mzaha. Tulichukua kalamu tukapanga. Mkimbizi kwanza anaomba hati ya kusafiria kwa serikali ya Uganda. Halafu visa. Halafu tiketi ya ndege kutoka Entebbe. Tulipofika kwenye tarehe ndipo tukakuta shida ambayo hata tajiri anayo: maua hayana tarehe. Kule Tokyo wataalamu wa hali ya hewa wanakwenda kutazama mti mmoja uliochaguliwa, kwenye hekalu la Yasukuni. Maua matano au sita yakifunguka kwenye mti huo, wanatangaza kwamba msimu umeanza. Inapita kama wiki moja miti inajaa, na siku chache baadaye maua yanapukutika. Mjini Kyoto kumbukumbu za maua hayo zina zaidi ya miaka 1,200, na bado mwaka 2021 yaliwawahi watu: yalijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kabla ya hapo.

"Kumbe hata wao wanakisia," mmoja akasema. Kijana mwingine, ambaye baba yake alikuwa na shamba upande wa Butembo na ambaye kwenye mikutano haongei, akasema, "Lakini hii ni kama kahawa. Kahawa iko inafanya vile vile."

Ni kweli. Arabika ya huku milimani Rwenzori inabeba vichipukizi vyake wakati wa kiangazi na vinalala tu. Mvua ya kwanza ikipiga vizuri, zinapita siku saba mpaka kumi, halafu asubuhi moja unaamka mibuni imekuwa meupe tupu, na harufu kama ya asumini. Baada ya siku mbili tatu ua limekauka, limekwisha. Inabaki punje, ambayo itaiva baada ya miezi saba mpaka tisa. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wote wanaijua kahawa, maana ndiyo ada ya shule. Lakini nani kati yetu aliwahi kupanda mlima ili aitazame tu?

Basi tukapanga safari yetu. Tungekwenda kwa miguu, kwa hiyo nauli hakuna. Muzee mmoja mwenye shamba alikubali atupigie simu maua yakifunguka. Mwenyekiti wa LC1 tulimpa taarifa, na kila mzazi tulimwomba ruhusa uso kwa uso, kwa sababu baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023 pale shule ya Lhubiriha hakuna mzazi wa hapa anayesikia "vijana watatoka kwa kikundi" akabaki ametulia. Siku tukaweka Jumapili mchana, ili mtu asipoteze kibarua.

Mama wa yule binti wa miaka 16 aliniuliza swali ambalo ndilo sababu ya kuandika haya. "Maua tunakula? Mutoto akienda kulima kwa bantu analeta 5,000. Ile ni bunga na chumvi. Wewe unamupeleka kutazama maua?"

Nilitaka kumjibu kwamba binadamu si tumbo tu. Lakini maneno hayo ni rahisi kwa mtu aliyekula. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda unatolewa kwa makundi, kufuata nani ana shida zaidi. Familia zinajua hesabu hiyo kwa kikombe. Rafiki yangu anayefanya kazi na shirika naye aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba fomu zao hazina mahali pa kuandika maua. Kwa hiyo mama na shirika walikuwa wanasema neno moja: kwanza chakula.

Nikarudi kwa mama siku nyingine, sikubishana, nikamwuliza kama amewahi kuiona kahawa ikichanua. Akanyamaza kidogo. "Ile maua naijua sana. Mibuni yangu niliiacha kule. Sitaki kwenda kutazama ya bantu."

Hapo nikaona nilivyokosea. Nilidhani anakataa uzuri kwa sababu ya njaa, kumbe anaujua uzuri huo kuliko mimi, na unamuuma. Wapo wanaoamua kwamba maskini anahitaji unga tu. Na wapo kama mimi, wanaoamua kwamba maskini anahitaji pia maua. Wote wawili wamemwamulia.

Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Halikuandika "isipokuwa wakimbizi." Lakini haki hiyo siwezi kumpelekea mtu nyumbani kama blanketi. Sisi tumezoea kungoja: siku ya mgao, siku ya kuhojiwa, jina kwenye orodha. Anayengoja hakuna anayemwuliza yuko tayari kutoa nini. Kupanga ni kitu kingine. Ukipanga, unasema mwenyewe: nitatoa hiki ili nipate kile. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si vibaya mtu mwenye kidogo kupanga safari ya kutazama maua, alimradi yeye ndiye anayejua bei na yeye ndiye anayekubali kuilipa.

Bei ilikuja. Mvua ilinyesha, na siku ya nane, Jumatano asubuhi, muzee akapiga simu: "Zimefunguka. Jumapili hamtakuta kitu." Nikawatumia vijana ujumbe: kesho Alhamisi, msikose. Kati ya 19 walikuja 11. Kila mmoja wao alipoteza siku ya kibarua, na mimi sikuwa na pesa ya kuwarudishia. Najua nyumba mbili ambazo usiku huo walikunywa uji tu. Naandika hivi ili msomaji asidhani ilikuwa bure.

Huko juu walinyamaza, hata wale wenye kelele. Nyuki walikuwa wengi. Mmoja akashika tawi avunje, muzee akamwambia taratibu, "Kila ua unalovunja ni punje yangu." Yule kijana wa Butembo akaanza kutembea kati ya mistari akitufundisha: tawi hili lingekatwa, mbuni huu umezeeka, hapa baba angepanda mgomba wa kivuli. Saa mbili nzima aliongea yeye. Muzee alimsikiliza kama mtu wa kazi moja. Tulipoondoka kijana akamwambia "Wasingya," na muzee akamwambia arudi wakati wa kuvuna.

Binti wa miaka 16, aliyeanzisha yote kwa swali lake, hakuja. Alikwenda kulima. Na lile neno langu "msikose" lilimfanya ajione amekosa, wakati alikuwa amefanya hesabu yake na kuchagua unga. Kosa hilo ni langu, nilimwomba msamaha mbele ya wenzake.

Jumamosi ile aliniuliza zilipita siku ngapi kati ya mvua na maua. Nikamwambia nane. Akaandika kwenye daftari. Aliuliza kama maua yatatoka tena, nikamwambia kwa kawaida mvua nyingine huleta mengine, si mengi kama ya kwanza. Sasa anaweka shilingi 500 kila wiki. Zikifika 5,000 atampa mama yake badala ya siku moja ya kibarua, halafu siku hiyo itakuwa yake.

Mama yake anajua. Hajasema ndiyo, na hajasema hapana.