Mwenye Kuitikia

Mwezi Desemba, hapa South Shields, kaskazini mwa England, jua huchelewa kuchomoza mpaka saa 2:30 asubuhi, na ikifika saa 9:40 alasiri limekwisha kuzama. Kati ya hapo halipandi juu. Hupita chini chini nyuma ya mapaa ya nyumba za matofali, na vivuli huwa virefu mchana kutwa. Miaka ile nilipokuwa nikifanya kazi wodini, sikuwahi kuuona mchana wa namna hii. Niliingia zamu kungali na giza, nikatoka giza limerudi. Sasa nimestaafu, na mchana wote ni wangu, wa saa 7 na dakika chache. Huketi dirishani na koti langu mabegani, nikautazama unavyokuja na unavyokwenda.

Bahari ya Kaskazini haiko mbali na mlango wangu. Si bahari niliyokulia. Maji yake ni ya kijivu, na hata Julai ukitia mguu baridi hupanda mpaka kwenye meno. Siku nyingine ukungu hutoka baharini ghafla, jua likiwa bado linawaka mitaa ya ndani, na mnara wa taa ulioko mwisho wa gati hutoweka, kisha gati lenyewe, kisha mchanga. Hubaki sauti tu: shakwe wasioonekana, na mawimbi. Lakini maji haya hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana, vilevile yafanyavyo Tanga nilikokulia. Mwezi ni ule ule. Nikilikumbuka hilo moyo wangu hutulia, wala siulizi kwa nini.

Vituo vichache vya treni kutoka hapa uko mji wa Jarrow, na pale ukingoni mwa mto lipo kanisa la kale ambalo jiwe lake la wakfu lina tarehe ya mwaka 685. Hapo aliishi mtawa aliyeitwa Bede. Alipelekwa kwa watawa akiwa mtoto wa miaka 7, na katika nchi hii ya upepo alikaa mpaka alipofariki mwaka 735. Mwaka 725 alikamilisha kitabu cha hesabu za nyakati, na ndani yake akaeleza jinsi maji ya bahari yanavyoufuata mwezi, na kwamba kila bandari ina saa yake ya kujaa. Hakuwa msafiri. Alikaa mahali pamoja, akatazama, akauliza, akaandika. Hunifariji kujua kwamba mtu anaweza kuuona ulimwengu kiasi hicho bila kwenda mbali.

Kuna habari ya watawa wale ambayo hainitoki. Mwaka 686 tauni iliingia Jarrow, ikawaondoa wote waliojua kusoma na kuimba maitikio ya zaburi. Akabaki abate, Ceolfrith, na mvulana mmoja mdogo aliyekuwa akilelewa pale. Katika ibada zao upande mmoja huimba na mwingine huitikia. Abate, kwa majonzi, akaagiza sehemu kubwa ya maitikio iachwe, kwani ni nani angeitikia? Wakaenda hivyo kwa wiki moja, wakiimba na kulia. Kisha akashindwa kuvumilia. Akaurudisha utaratibu wote, na wawili wale, mtu mzima na mtoto, wakaubeba peke yao kwa taabu mpaka wengine walipopatikana na kufundishwa. Wengi huamini kwamba mtoto yule alikuwa Bede.

Mimi ni Mwislamu, na zaburi si ibada yangu. Lakini aliyepata kusimama safuni na kusikia msikiti mzima ukiitikia amina hahitaji kuelezwa kilichowaliza.

Wodini usiku ulikuwa na sauti nyingi. Kengele zilikuwa zikilia, wagonjwa wakiita, na mtu akipita kutoka kitanda hadi kitanda akijibu: nipo, nakuja, subiri kidogo, maji haya hapa. Nyakati hizo nilidhani ninachotamani ni kimya. Kimya kimekuja, na ni kizuri, namshukuru Mungu kwacho. Nasikia birika likianza kuchemka. Nasikia mabomba ya kupasha nyumba yakigongagonga yanapopoa, maana bei ya gesi humfanya mtu ayazime mapema. Ila zipo siku ambazo jioni hufika nami sijatumia sauti yangu. Nikitamka bismillahi mbele ya sahani, hushtuka kidogo kuisikia.

Huenda ndiyo maana kero ndogondogo za maisha haya nimezipenda kuliko nilivyotazamia.

Kadi ya basi ya wazee ni neema ya nchi hii. Ukifikia umri wa pensheni ya serikali, ambao umekuwa miaka 66 na sasa unasogezwa polepole kuelekea 67, unapanda bila nauli popote England. Lakini siku za kazi haki hiyo huanza saa 3:30 asubuhi. Basi la saa 3:26 likifika, dereva hutikisa kichwa kwa upole, hufunga mlango, na basi huondoka na viti vitupu. Tunabaki kituoni, wazee kadhaa wenye mikoba ya magurudumu, upepo wa mashariki ukipenya kwenye vifungo vya makoti. Hapo ndipo mmoja husema neno juu ya upepo. Mwingine hulipokea. Kisha huja habari ya goti, ya mjukuu aliyehamia Australia, ya mke ambaye siku hizi husahau majina. Kama dereva angetuchukua, tungeketi kila mtu na dirisha lake. Wanaotuona kwa mbali huona wazee waliochelewa kwenda mahali. Mimi naona watu waliopewa muda mfupi wa kusemezana, na hakuna aliyeuomba.

Na mapipa ya taka. Wiki hii ni zamu ya pipa moja, wiki ijayo ni ya jingine, na ukikosea pipa hubaki limejaa mlangoni. Usiku upepo huyaangusha na kuyaburura barabara nzima, na asubuhi mtaa huwa na kazi ya kutafuta pipa la nani limefika wapi. La kwangu hulikuta limekwisha kusimamishwa kando ya mlango. Anayelirudisha ni jirani yangu, mzee aliyefanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Westoe, ambao njia zake zilienda chini ya bahari hii tunayoitazama, mpaka ulipofungwa mwaka 1993. Habishi hodi. Naye akiamka hukuta supu juu ya ukuta wake mfupi, imefunikwa. Mwisho wa kiangazi huniletea vitunguu liki, vinavyolimwa kaskazini hii kwa mapenzi makubwa na kushindanishwa kwa unene, vingine sawa na mkono wa mtu. Hatuna mazungumzo marefu. Ila kila asubuhi yeye hufungua pazia lake nami langu, na kila mmoja hujua mwenzake ameamka. Mapazia yale sijawahi kumtajia, wala yeye hajanitajia.

Kero iliyo ngumu kwangu ni simu. Ukitaka kumwona daktari, piga saa 2:00 kamili asubuhi. Wazee wa mji mzima nao wamekaa na simu mkononi wakati huo huo. Sauti iliyorekodiwa hukwambia uko nyuma ya watu wangapi, kisha muziki, kisha sauti ile ile. Kungoja si kitu, kungoja tumekufahamu. Kinachochosha ni kusemeshwa na sauti isiyosikia. Mara nyingi najikuta nikiiambia asante. Na inapofika zamu yangu, akapokea mtu kweli, akavuta pumzi kabla ya kusema, nayasikia maisha katika pumzi ile, na dawa niliyokuwa nikiitafuta huwa imeanza kufanya kazi.

Wakati wa dhoruba ya Arwen, mwishoni mwa Novemba 2021, nyumba nyingi za kaskazini zilikosa umeme, baadhi kwa zaidi ya wiki. Simu za mezani za waya wa zamani zilipata umeme wake kutoka kwenye waya wenyewe, kwa hiyo nyumba ikiwa gizani bado ungeweza kumpigia mtu. Sasa laini hizo zinahamishiwa kwenye intaneti, na mpango ni kwamba kazi hiyo iishe kufikia Januari 2027. Nadhani ni maendeleo ya kweli. Lakini hukumbuka giza la siku zile, na watu waliopita na tochi mlango kwa mlango wakiuliza aliyemo yu mzima. Sijasahau namna kila mlango ulivyofunguka, na sura iliyotokea, na jibu.

Kisha huja majira mengine. Mwezi Juni jua huchomoza saa 10:30 alfajiri, na kuzama kwake hukaribia saa 4 usiku. Hata likizama, giza kamili halifiki. Mwanga huzunguka upeo wa kaskazini, kutoka magharibi hadi mashariki, ukanda mweupe juu ya bahari. Usingizi huwa mgumu. Wakati wa isha huwa jambo la kukubaliana, kwa kuwa ishara ya mbinguni haionekani, na kila msikiti una utaratibu wake. Hapa jumuiya ya Waislamu ni ya zamani: mabaharia wa Yemen walianza kukaa South Shields mwishoni mwa karne ya 19, wakifanya kazi ya kuchochea makaa kwenye matumbo ya meli. Katika Msikiti wa Al-Azhar huketi karibu na wajukuu wao. Huwaza juu ya watu wale waliotoka kwenye joto la Aden, wakaufikia mto huu wa moshi na baridi, wakatandika mswala. Nani aliwaitikia mwanzoni? Walikuwa wangapi katika safu ya kwanza?

Usiku wa Juni nikikosa usingizi hufungua dirisha la jikoni. Mbayuwayu wamelala chini ya paa la banda la jirani. Ndege hawa wadogo huvuka Sahara kwenda na kurudi, kutoka kusini mwa Afrika mpaka kwenye boriti hii. Hawajui kwamba ninawangoja kila Aprili. Nawangoja tu. Ninapowasikia asubuhi ya kwanza, nasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu jikoni, kama mtu aliyeitwa jina.

Ng'ambo ya mto kuna North Shields, na kivuko hupita kati ya miji hii miwili kwa dakika 7 hivi. Nilikuwa na rafiki upande ule, tuliyekesha pamoja zamu nyingi. Alikuwa akinisubiri gatini na chai kwenye chupa. Amekwenda kwa Mola wake. Bado huvuka siku za hali nzuri. Hushuka, huketi kwenye benchi, hutazama maji yanavyobadilika rangi pale mto unapoikuta chumvi, kisha hurudi. Mabaharia wa kivuko wananifahamu. Husema, "Karibu tena," kwa lugha yao, nami hujibu.

Nimefikiri sana juu ya mtoto wa Jarrow. Sauti yake haikuweza kujaza kanisa. Hakuwa na elimu ya waliokufa. Alichoweza ni kubaki upande wake na kuitikia kila alipopewa nafasi, na hilo likatosha kuivusha ibada nzima mpaka watu wakaongezeka. Katika uzee wangu siombi kazi kubwa kuliko hiyo. Naomba niwe mahali pangu, nisikie ninaposemeshwa, niitike. Namwomba Mungu asinipunguzie upepo wa kituoni ikiwa ndio unaotufanya tusemezane.

Siku za Jumapili mtoto wa kaka yangu hunipigia kutoka Tanga. "Shikamoo, shangazi." Nami huitika, "Marahaba, mwanangu." Mara nyingi hatuna jambo. Hunieleza bei ya samaki, mvua, mtoto aliyeota meno. Nyuma yake nasikia kuku, pikipiki, mtu akimwita mtu.

Wewe unayesoma, ukiwa na mzee wako huku kaskazini, mama au mjomba au mwalimu wako wa zamani, usingoje uwe na habari ya kumpa. Wakati wa baridi, saa 10 jioni ya hapa ni saa 1 usiku ya Afrika Mashariki, na wengi wenu mmekwisha kurudi nyumbani. Mpigie, mwamkie, kisha mpe nafasi aitike.