Mganga Aliyesomeshwa Ni wa Nani?

Liko swali ambalo hapa Bangwe hujibiwa upesi mno. Mtoto akisomeshwa hata akawa daktari, je, ni wa nani? Wavuvi wa Katonga husema, Ni wetu. Tuliuza dagaa tukamlipia shule. Serikali yaweza kusema, Ni wangu, maana mkopo wa chuo kikuu ulitoka kwangu. Naye kijana, akiisha kukaa miaka mitano Muhimbili, na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, husema moyoni, Usingizi niliokosa ulikuwa wangu, na elimu ni yangu.

Kabla ya kuamua, na tumtazame mtu mmoja wa ziwa letu hili, Adrian Atiman. Alizaliwa yapata 1866 karibu na mto Niger, katika Afrika ya Magharibi. Angali mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, wakamvusha jangwa la Sahara. Mapadre Weupe wakamnunua, wakampa uhuru na masomo. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana Waafrika waliokombolewa wasome uganga katika chuo kikuu cha huko. Shauri lake lilikuwa kwamba mganga Mwafrika atakaa na Waafrika kama mwenzao. Atiman akamaliza 1888, na 1889 akafika Karema, kusini kwetu kando ya ziwa. Akaoa binti wa mtemi wa Wabende, na mwanawe akawa padre. Aliwatibu watu na kuwafundisha dini hata kufa kwake, 1956. Ni miaka 67!

Nanyi kumbukeni uganga wa siku zile. Kwinini ilikuwapo, na chanjo ya ndui; lakini penisilini haikuanza kuenea duniani ila katika miaka ya 1940, Atiman alipokwisha kuwa mzee. Kidonda kilichooza kilitaka kisu, maji ya moto, na mtu wa kukaa macho usiku. Malale nayo ikaingia pwani za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi, huyu alikuwa wa nani? Kama kulipa fedha ndiko kumiliki, Mapadre walimlipia mara mbili, mwili wake na masomo yake. Wanaomsifu hawapendi kukawia hapa, lakini mimi nitakawia. Mtoto hununuliwa apate uhuru, kisha wengine humchagulia kazi na nchi ya kwenda. Je, kama angalikataa? Zawadi yenye kamba si zawadi nzima. Tena mama yake kule Niger, aliyemzaa kwa uchungu, hakupata kwake hata kidonge kimoja. Waliopata ni watu wa Karema, ambao hawakutoa senti kwa masomo yake, wala hawakuwa jamaa zake.

Naona kwamba twachanganya madeni mawili. Deni la fedha lina hesabu, na lina mwisho. Mkopo wa Bodi hukatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi, nao ukiisha, umekwisha. Lakini uganga haununuliwi kwa fedha peke yake. Mwanafunzi hujifunza katika miili ya wagonjwa. Mtu asiyemjua hunyosha mkono, naye hutafuta mshipa, akaukosa, akachoma tena. Maskini yule hakuandikwa katika daftari ya ada, na labda hawataonana tena. Atalipwaje, ila kwa mgonjwa mwingine popote alipo? Hili ndilo deni ambalo Atiman alilipa Karema, ingawa wengine ndio waliomchagulia mahali.

Kwa hiyo, wazee wa Katonga, binti yenu akipelekwa Tunduru msiseme amepotea. Sisi wenyewe tukilazwa Maweni hatumwulizi daktari kama alizaliwa Kasulu au Moshi; twauliza kama yupo. Wala msidhani nasema daktari ashibe kwa shukrani. Mshahara ni haki yake, na msaada kwa wazazi ni wajibu wake kama wa mwana ye yote. Barua yake ya kwanza ikija, msianze na habari ya mabati ya nyumba. Mwulizeni kama huko amepata mahali pa kulala, na kama dawa zimefika.