Je, Twawiwa na Kangaga?

Swali la toleo hili huenda likawachekesha baadhi yenu. Wako watu wazima, wenye elimu na wenye familia, ambao hupanda milima yetu ya Usambara wakichukua kamba ya kupimia, mkasi, magazeti makuukuu na daftari, na kazi yao ni kuhesabu kangaga. Hawahesabu miti ya mbao, wala mitishamba ya dawa, wala wanyama. Wanahesabu kangaga, mimea ile iotayo kando ya vijito na juu ya magogo yaliyooza, ambayo mtu huipita kila siku asiione. Twauliza: kazi hii ina haki gani ya kula siku za mwanadamu, wakati kuna zahanati zisizo na dawa? Na ikiisha kufanyika, yatudai nini sisi ambao hatukuwako?

Si vema kujibu kabla ya kuijua kazi yenyewe. Kangaga haina ua wala mbegu. Ligeuze jani lake utaona madoa ya kahawia yaliyopangwa kwa utaratibu, kana kwamba fundi ameyatia kwa sindano. Madoa hayo ni maghala ya vumbi jepesi mno, na kila chembe ya vumbi lile, iitwayo spora, yaweza kuchukuliwa na upepo mbali sana. Ikianguka penye unyevu, haitoki kangaga mara moja. Kwanza huota kijimea kidogo kama ukucha, aghalabu chenye umbo la moyo, na juu ya kijimea hicho chembe ya kiume huogelea katika maji kulifikia yai. Ndipo huzaliwa kangaga tunayoijua. Pasipo maji, hata kama ni utando wa umande tu, hakuna uzao.

Kwa sababu hiyo milima yetu ni nyumba yao. Usambara ya Mashariki ni kiungo kimoja cha mnyororo wa milima ya kale utokao Taita, Kenya, hadi Udzungwa. Vilele vyake si virefu, vyafika kama mita 1,500 tu, lakini vyapokea mawingu ya Bahari ya Hindi, na mvua ya Amani hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Humo mna kangaga yenye shina kama mti, Cyathea manniana, ambayo mtu husimama chini yake kama chini ya mwavuli. Humo humo mna kangaga nyingine ambazo jani lake lina unene wa seli moja tu, jembamba hata mwanga wapita ndani yake. Duniani kote wataalamu huhesabu aina zaidi ya 10,000. Katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro peke yake zimeorodheshwa aina kama 140.

Kuzihesabu si kutembea na kutazama tu. Wachunguzi hupima kipande cha msitu kwa kamba, hukipekua chote tangu ardhini hadi matawini, kisha hupanda juu zaidi wakapima kingine. Kangaga nyingi hukaa juu ya miti mahali mkono usipofika; hapo yatakiwa darubini, au subira ya kungoja tawi lianguke. Iliyo changa haitambulikani kwa hakika, maana bila madoa yale chini ya jani aina mbili zaweza kufanana kama mapacha. Hata iliyokomaa hulazimu mara nyingi kutazamwa magamba yaliyo kwenye shina lake la ardhini, na kwa kioo cha kukuzia. Mwisho hulazwa ndani ya gazeti, hubanwa, hukaushwa, na kuandikiwa kikaratasi: mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la aliyeikusanya, na namba.

Hapa dhamiri yagutuka kwa mara ya kwanza. Ili kuijua kangaga, aghalabu yabidi kuing'oa. Wachunguzi waungwana wana desturi: palipo na nyingi huchukua moja, na palipo na moja tu huiacha, wakapiga picha. Twaiona ni desturi njema, ila yaonyesha kwamba hata kujua kuna gharama, na anayeilipa si yule anayejua.

Tuje kwenye swali kubwa. Ukimwuliza mtu yeyote kwa nini msitu utunzwe, atakujibu mara moja: maji. Naye asema kweli. Mto Zigi watoka katika milima hii, na maji yake, yakikusanywa katika bwawa la Mabayani, ndiyo yanywewayo mjini Tanga. Lakini jibu hilo ni la msitu, si la kangaga. Ikitoweka aina moja ya kangaga yenye jani jembamba, hakuna ndoo mjini Tanga itakayopungua hata kikombe kimoja. Tusijidanganye hapo. Tukiitetea kangaga kwa hoja ya faida, siku moja atakuja mtu mwenye kalamu aonyeshe kwamba faida yake ni sifuri, nasi tutakosa la kusema.

Wengine husema: hutunzwa kwa kuwa haipatikani penginepo. Hoja hiyo yawafaa vyura na ndege wa Usambara, ambao baadhi yao kweli hawana makao mengine. Kangaga haiwafai sana. Vumbi lao husafiri, na nyingi zinazoota hapa huota pia katika milima mingine ya Afrika, nyingine hata Madagaska. Kuna wasemao ni uzuri. Tunalo ua dogo la zambarau lililotoka milima hii likapelekwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, likaitwa Saintpaulia. Leo limo katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Uzuri ulilipatia rafiki wengi. Lakini kangaga ya kahawia iliyojikunyata kwenye gome la mti wakati wa kiangazi, nani atainunulia chungu?

Basi faida haitoshi, uhaba hautoshi, uzuri hautoshi. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hatuwiwi kitu. Yafaa tukumbuke jinsi mtu anavyowatendea majirani. Jirani asiyekufaa kitu, asiye na mali wala sura, na ambaye wenye hali kama yake wako katika kila kijiji, bado huna ruhusa ya kumvunjia nyumba kwa sababu tu hukumtambua. Kutomtambua ndiyo mwanzo wa kumvunjia. Hapo ndipo tunapoona kazi ya hesabu ikipata heshima yake. Katika usemi wetu mimea hii yote ni kangaga, jina moja kwa umati mzima. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyekaa Amani, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na ye yote aipekuaye kamusi ya namna hiyo huona upesi kwamba watu huvipa majina vile wanavyovila, vinavyowaponya na vinavyowadhuru. Si lawama, ndivyo lugha zote zilivyo. Lakini kisichotofautishwa chaweza kutoweka tusijue kwamba kitu kimetoweka, maana bado kangaga zingalipo tele njiani.

Tena jambo hili lina mtego ambao wasomaji wa hesabu tupu hunaswa nao. Msitu ukichomwa au ukifunguliwa jua, kangaga za mahali wazi huingia kwa wingi, zikatanda mlima mzima kama shamba. Mtu akihesabu idadi ya aina tu, aweza kuona kwamba haikupungua sana, labda hata imeongezeka, kumbe zile za kivulini zimekwisha. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni ngapi. Sharti kuuliza ni zipi.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mlimani hakuna watu. Wapo, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu kweli. Katika Usambara ya Mashariki iliki imekuwa fedha ya mkulima mdogo kwa miaka mingi. Iliki yapenda kivuli, kwa hiyo mkulima huiacha miti mikubwa na kufyeka mimea ya chini. Kwa mbali msitu huonekana mzima. Lakini ile mimea ya chini ndiyo iliyohifadhi unyevu, na humo ndimo kangaga nyingi zilimokaa. Kwa fedha ya iliki wengine wamesomesha watoto, wengine wameezeka nyumba kwa bati. Nani atasimama mbele ya mama wa namna hiyo amwambie kwamba ada ya shule ya mwanawe ni ghali kuliko kangaga?

Swali hilo si la kubuni. Ukanda wa msitu wa Derema ulionekana kuwa daraja kati ya misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake, daraja la viumbe wasioweza kuvuka mashamba. Katika miaka ya 2000 wakulima zaidi ya 1,000 waliokuwa na mazao humo waliondolewa mashamba yao, wakahesabiwa miche na kulipwa fidia, na mwaka 2010 msitu ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Manung'uniko juu ya kiasi na namna ya malipo hayakwisha upesi. Sisi hatusemi kwamba msitu usingehifadhiwa. Twasema kwamba orodha za viumbe, ambazo kila mmoja aliziandika kwa nia safi akiwa na kalamu ya risasi mvuani, zilikuja kuwa hoja mezani, na upande wa pili wa meza alikuwapo mtu mwenye iliki. Kuhesabu hakuwezi kudai kwamba hakuna hatia wala wajibu, kama mtu aliyepita njia tu.

Mfalme Daudi alihesabu watu, na tauni ikafuata. Wengi wamejiuliza kosa lilikuwa wapi, maana kuhesabu si dhambi. Twadhani alihesabu kama mwenye mali anayetaka kujua nguvu zake. Ipo hesabu nyingine, ya mchungaji wa kondoo mia, anayehesabu jioni ili ajue nani hayupo. Kwa nje kazi ni moja: kidole, mdomo, namba. Orodha ya kangaga hugeuka hesabu ya mchungaji siku ile wachunguzi wanaporudi mahali pale pale baada ya miaka kumi na kuuliza iko wapi ile iliyokuwa kwenye jiwe lile. Na mkulima wa Derema naye alistahili hesabu ya namna hiyo, si kuhesabiwa miche yake tu, bali kuulizwa miaka kadhaa baadaye: fidia ilikwenda wapi, watoto wangali shuleni?

Neno moja zaidi, kuhusu mahali orodha zinapokaa. Tangu mwaka 1902 Wajerumani walikuwa na taasisi yao Amani, na mimea mingi ya Afrika Mashariki ilisafirishwa kwenda Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliliangukia jumba la mimea la Berlin, na sehemu kubwa sana ya hazina ile ikateketea. Vile vilivyokuwa vimegawiwa kwa majumba mengine ndivyo vilivyosalia kuwa ushahidi. Hazina iliyokuwa Amani yenyewe ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Siku hizi nakala za mimea huwekwa pia Dar es Salaam na Arusha, nasi twashukuru. Lakini mzee wa kijiji aliyewaongoza wachunguzi kwenye kijito, akawaonyesha kangaga yenye shina kama mti ambayo wasingaliiona peke yao, mara nyingi jina lake halimo kwenye kile kikaratasi, na orodha yenyewe imeandikwa kwa Kilatini na Kiingereza.

Basi maoni yetu ni haya. Anayekwenda kuhesabu aandike jina la aliyemwongoza. Akimaliza, arudishe orodha kijijini kwa Kiswahili, aisome mbele ya watu barazani, nao wamwulize maswali yao, hata yale ya iliki na ya ada ya shule, kabla orodha hiyo haijafika katika meza nyingine yoyote.