Masta inamlipa nani?

Ukishavuka miaka thelathini, kila mwenzako anayeaga kazini anasema neno lile lile: "Naenda kupiga masta." Muulize anasoma nini, atakutajia chuo kwanza, kozi baadaye.

Swali tulilozoea ni "inalipa?" Ni swali halali. Aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa serikali hapa Tanzania anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Bumu lilikuwa tamu, makato yana uchungu wake. Ila swali hilo lina nusu ya pili tunayoiruka: nani analipia?

Wapo wanaobeza masta kwa kumtaja Shaaban Robert. Kweli, hakuwa na shahada. Alikuwa karani wa forodha, akaandika, na alipofariki mwaka 1962 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Lakini tumtazame na Euphrase Kezilahabi. Alishachapisha Rosa Mistika mwaka 1971, jina analo, ndipo akaandika tasnifu ya umahiri kuhusu riwaya za huyo huyo Shaaban Robert, kisha akaenda Wisconsin, Marekani, kusomea udaktari. Chuo hakikumfanya kuwa mwandishi, maana alikuwa mwandishi tayari. Kilimpa nafasi ya kumchimba mtangulizi wake.

Mimi napimia hapo. Mwenye swali linalomkosesha usingizi aende, hata kama mshahara hautapanda. Asiye nalo anakwenda kununua heshima, na mara nyingi heshima hiyo inalipiwa na mtu ambaye hakuulizwa: mama ambaye nyumba yake imeishia kwenye lenta, au mdogo wake anayesubiri ada.

Swali mimi ninalo. Nataka kujua hadithi za mfululizo za magazetini zimewafundisha nini wasomaji wetu. Nina na mdogo wangu pia, kapata nafasi chuo mwaka huu, na ada yake na yangu zinatoka mfuko mmoja.

Tunaambiwa elimu haina mwisho. Sawa. Kama haina mwisho, yangu inaweza kungoja miaka mitatu. Yake ndiyo kwanza inaanza, atangulie. Magazeti ya zamani nitaendelea kuyasoma jioni, nikitoka kazini, bila cheti. Nikifika mwaka wa tatu bado nayasoma, nitajua kwamba ada hiyo inastahili kulipwa.